“Amefiwa na baba yake” au “amefiwa baba yake”? Naomba ufafanuzi wa kitenzi kufiwa

Katibu Muhtasi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenikosesha raha tangu juma lililopita. Miongoni mwa kazi zangu ni kuandika matangazo ya ofisi, yakiwemo ya misiba. Mwenzetu mmoja alipopatwa na msiba, niliandika hivi: “Tunasikitika kuwatangazia kwamba mwenzetu wa idara ya hesabu amefiwa na baba yake mzazi.” Mkubwa wangu wa kazi akaisoma, akachukua kalamu na kulifuta neno “na”, akieleza kwamba likibaki hapo litaonyesha kuwa mwenzetu na baba yake wamefiwa kwa pamoja. Kabla tangazo halijabandikwa, mtu mwingine akashauri kwamba ni afadhali tuandike “baba wa mwenzetu amefiwa”, kwa kuwa tukio lenyewe limempata baba. Muda ulikuwa unakwenda na watu walitaka kujua mazishi ni lini, kwa hiyo tangazo likatoka kwa namna hiyo ya mwisho.

Asubuhi iliyofuata watu watatu walifika mezani kwangu kuuliza aliyefariki ni nani. Mmoja wao alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenzetu na kumwomba amfikishie baba yake pole kwa msiba uliompata, na mwenzetu akalazimika kumweleza, katika hali aliyokuwa nayo, kwamba baba ndiye waliyekuwa wakijiandaa kumzika. Nimemwomba radhi mwenzetu, naye amenisamehe, lakini sitaki jambo hili lijirudie.

Kwanza, je, “na” inahitajika au haihitajiki? Pili, anayefiwa ni nani hasa, aliyekufa au aliyebaki? Tatu, nimewasikia watu wakisema “amekufiwa”, “nimempoteza baba” na “tumwomboleze mfiwa”. Kati ya hizo, zipi ninaweza kuziandika katika tangazo rasmi bila kumkosea mtu adabu?

Mhariri wa Zamu alijibu:

Ndugu Katibu, pole kwa yaliyokukuta. Sentensi yako ilikuwa sahihi kama ilivyotoka mkononi mwako, na inasikitisha kwamba waliotaka kuisaidia ndio walioiharibu. Nitaeleza polepole, kwa sababu kosa hili hupita mezani kwangu mara nyingi mno, na wanaolifanya si watu wasiojua Kiswahili.

Anza na kitenzi kufa. Ukisema “Mzee amekufa”, katika sentensi hiyo yumo mtu mmoja tu, na tendo limeishia kwake. Ukikipeleka kitenzi hicho katika kauli ya kutendea, unapata kufia, na hapo anaingia mtu wa pili, yule ambaye kifo hicho kimemwangukia: “Mzee amemfia Juma.” Aliyekufa bado ni mzee, ila sasa tumeambiwa pia ni nani aliyeachwa na kifo hicho, na huyo ndiye anayewakilishwa na ile “m” iliyo katikati ya kitenzi. Sasa igeuze sentensi hiyo iwe katika kauli ya kutendwa, kama vile “Asha amempikia Juma” inavyogeuka kuwa “Juma amepikiwa na Asha”. Utapata “Juma amefiwa na mzee”. Juma amepanda na kuwa kiima, yaani yule anayetangulia kitenzi na kukiongoza, mzee ameshuka na kukaa nyuma ya “na”, lakini mambo yaliyotokea duniani hayakubadilika hata kidogo: aliyekufa ni mzee, na Juma yu hai.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba anayefiwa siku zote ni aliyebaki. Marehemu hafiwi kwa kifo chake mwenyewe. Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, akabaki na kumtungia shairi la maombolezo; mtu anayegeuza sentensi hiyo na kusema “Amina alifiwa” atakuwa amemfufua aliyelala na kumzika aliyetunga. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kubandika tangazo, jiulize maswali mawili. “Nani amefiwa?” linakutajia aliye hai, yule utakayekwenda kumpa mkono wa pole. “Amefiwa na nani?” linakutajia aliyekufa. Ikiwa sentensi yako haijibu maswali hayo mawili kwa watu wawili tofauti, irudie.

Kuhusu “na”, hofu ya mkubwa wako wa kazi inaeleweka, kwa sababu neno hilo hufanya kazi zaidi ya moja, na mojawapo ni kuunganisha. Lakini mahali linapokaa huondoa utata. Wawili wakiwa wamefiwa kwa pamoja, “na” hutangulia kitenzi na kitenzi huwa cha wingi: “Juma na mama yake wamefiwa.” Ikija nyuma ya kitenzi cha kutendwa, na kitenzi kikiwa cha umoja, “na” humtaja mtenda: “Juma amefiwa na mama yake.” Ni “na” ile ile ya “ameitwa na mwalimu” au “ameumwa na nyoka”, na sijawahi kumsikia mtu akidhani kwamba katika “ameumwa na nyoka” mtu na nyoka wameumwa pamoja.

Tena usikione kitenzi hiki kuwa kigeni kwa tabia yake, kwa maana kina ndugu wengi. Tunasema mtu amenyeshewa na mvua, ameharibikiwa na gari, amekimbiwa na mke, amepotelewa na fedha, amechwewa na jua akiwa njiani. Katika vitenzi hivyo vyote, anayetangulia katika sentensi ni mtu ambaye hakutenda lolote. Jambo limetokea, nalo limemkuta yeye. Ndiyo maana naona kufiwa ni mojawapo ya vitenzi vyenye huruma zaidi katika lugha yetu, kwani huyo aliyebaki hapewi tendo la kufanya wala lawama ya kubeba.

Kuhusu “amekufiwa”, usiiandike. Ile “ku” ya “amekufa” ipo kwa sababu shina -fa lina silabi moja, na lugha huliongezea “ku” ili lipate pa kuegemea katika baadhi ya nyakati: amekufa, anakufa, atakufa. Shina likishakuwa -fia au -fiwa lina silabi mbili, halihitaji tena egemeo hilo, ndiyo maana tunasema amefiwa, anafiwa, atafiwa. Nadhani kinachowapotosha watu ni “hakufiwa” na “sikufiwa”, ambazo ni sahihi kabisa. Lakini “ku” iliyomo humo ni ya kukanusha wakati uliopita, wala si ile ya “amekufa”. Zaidi ya hayo, “amekufia” ni neno halali lenye maana yake, yaani amekufa na kukuachia wewe msiba, kwa kuwa “ku” hapo inakuwakilisha wewe unayeambiwa.

Mfasiri alijibu:

Ninaunga mkono maelezo ya Mhariri, na ningependa kueleza kwa nini hata wasemaji wazuri huiangusha “na”. Wengi wetu tuna lugha nyingine ya Kibantu nyuma ya Kiswahili chetu, na lugha hizo zina kitenzi chenye kazi hiyo hiyo lakini hakijengi sentensi kwa namna moja. Kiganda kina okufiirwa, ambacho ni ndugu wa damu wa kufiwa, na aliyekufa hutajwa moja kwa moja baada yake bila neno la kati. Kitenzi hicho hicho hutumika pia kwa mfanyabiashara aliyepata hasara. Kinyarwanda hutumia gupfusha, chenye kiambishi cha kusababisha badala ya cha kutendwa, na aliyekufa huwa yambwa ya kawaida, yaani mtendwa anayekifuata kitenzi bila “na”. Kizulu kina ukufelwa, na ile “l” iliyobaki humo ni sauti ambayo Kiswahili kiliidondosha katika kufia, ingawa sisi wenyewe tunayo bado katika nunulia na chukulia. Mtu anayefikiri kwa Kiganda akaandika “amefiwa baba yake” hajakosa akili, ila ameleta mpangilio wa kwao. Katika Kiswahili sanifu cha nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, “na” iwepo.

Nimesema nathari kwa makusudi. Mshairi anayehesabu mizani nane katika kila kipande cha ubeti wake anaweza kuidondosha “na”, na msomaji wa mashairi akamwelewa na kumsamehe. Tangazo la ofisi halina mizani ya kulinda.

Kuhusu “nimempoteza baba”, ushauri wangu ni kuiepuka. Kupoteza ni kitenzi cha kusababisha: aliyepoteza amefanya kitu kipotee, kwa kuzembea au kwa bahati mbaya, na kilichopotea hutafutwa na pengine hupatikana. Ukiandika “mwenzetu amempoteza mtoto wake”, msomaji ana haki ya kuuliza kama taarifa imekwisha kupelekwa polisi. Usemi huo tumeupata kwa kufasiri lugha nyingine neno kwa neno, na katika kufasiri tumemtwika mfiwa tendo ambalo hakulitenda.

Msomaji wa Magazeti alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na Mfasiri. Lugha haiishi ndani ya sarufi peke yake. Kila siku tunasoma kwamba watu kadhaa wamepoteza maisha katika ajali, na hakuna anayekwenda kuyatafuta hayo maisha wala anayedhani kwamba marehemu walizembea. Ikiwa tumeikubali “kupoteza maisha”, sioni kwa nini tuikatae “tumempoteza kiongozi wetu”, ambayo husemwa na watu wazima wenye Kiswahili chao, tena kwa uchungu wa kweli. Ninakubali kwamba inapohusu mtoto, utata upo, na hapo ni heri kusema amefiwa. Lakini kwa mtu mashuhuri anayejulikana na wote kuwa amefariki, usemi huo umekwisha kuota mizizi.

Mfasiri alijibu:

Hoja yako nimeipokea kwa upande wa kiongozi, na “kupoteza maisha” sina ugomvi nayo, kwa kuwa anayepoteza hapo ni marehemu mwenyewe. Ninachokataa ni kuiona “tumempoteza” ikikisukuma kufiwa nje ya mlango, hata vijana wakafika mahali pa kuona kwamba “taifa limefiwa” ni Kiswahili cha kale. Kufiwa kunaweza kubeba hata jumla isiyo mtu. Ninaweza kuandika kwamba mwaka 1962 fasihi ya Kiswahili ilifiwa na Shaaban Robert, na upatanisho ukabaki wa kiima, “ilifiwa”, kwa ajili ya fasihi.

Katibu Muhtasi aliuliza tena:

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba “na” irudi mahali pake na kwamba marehemu hafiwi. Yamebaki mawili. Ofisini kwetu wapo wanaosema kwamba neno kufa ni kali, lisitumike kwa binadamu anayeheshimiwa, na kwa sababu hiyo kufiwa nako kungeachwa kwa kuwa kumetokana na kufa; je, kuna “kufarikiwa”? Na la pili, ninawezaje kumtaja marehemu kwa kirejeshi? Niliwahi kuandika “familia ya mzazi aliyefiwa”, na sasa nikiisoma naona haisemi nilichokusudia.

Mhariri wa Zamu alijibu:

Kufa kunaonekana kukali kunaposemwa juu ya mtu wa karibu au wa heshima, na ndiyo sababu tunasema amefariki, amefariki dunia, ameaga dunia, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kufariki kumetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutengana, kwa hiyo anayefariki dunia ameachana na dunia. Lakini ajabu ya jambo hili ni kwamba ukali wa kufa haukurithiwa na kufiwa. Hakuna mfiwa anayekereka akiambiwa “nimesikia umefiwa, pole sana”, ilhali angeweza kukereka akiambiwa “nimesikia mama yako amekufa”. Kabla ya kitenzi hicho kuna mtu aliye hai anayehurumiwa, na nadhani hilo ndilo lililoupoza ule ukali. “Kufarikiwa” hakuna haja ya kukuunda, kwa kuwa kufiwa kunatosha. Ukitaka neno la upole zaidi, lipo kuondokewa, na mpangilio wake ni ule ule: “Mwenzetu ameondokewa na baba yake.” Tahadhari tu kwamba kuondokewa kunaweza kumaanisha pia kuachwa na mtu aliyehama, kwa hiyo sentensi inayofuata ieleze wazi.

Kuhusu kirejeshi, umeona vyema. “Mzazi aliyefiwa” ni mzazi aliye hai ambaye pengine amefiwa na mtoto au mwenzi. Ukitaka kumrejelea marehemu, sarufi inakuruhusu kusema “mzazi ambaye tumefiwa naye”, lakini “naye” hiyo huweza kusomwa kama “pamoja naye”, na utata unarudi kwa mlango wa nyuma. Rudi kwenye kauli ya kutendea: “mzazi aliyetufia”. Ni fupi na haina shaka. Kwa walio hai andika “waliofiwa” au “wafiwa”, neno lililojengwa kama mshtakiwa na mteuliwa, yaani mtu aliyetendwa. Usilichanganye na “wafu”, ambao ni waliokufa. Nimewahi kuona barua iliyotuma rambirambi kwa wafu.

Anayeandika mambo haya asikimbilie pia kuandika “Mungu amjalie asifiwe tena” akidhani anamwombea mtu asipatwe na msiba mwingine. Herufi hizo hizo ni za kusifiwa, na msomaji atasoma kwamba anaombewa sifa. Andika “asipatwe tena na msiba”.

Mfiwa alijibu:

Nimekuwa nikisoma mazungumzo haya bila kuchangia, na nimejipa jina hili kwa kuwa ndilo linalonistahili kwa sasa. Nina jambo moja kuhusu kufia ambalo sikulijua mpaka liliponipata.

Mama alifariki alfajiri. Nilikuwa nimemshika kichwa kwa mkono wa kushoto, na kijiko cha maji kilikuwa bado katika mkono wa kulia, kwa maana alikuwa ameomba maji muda si mrefu. Nilipoombwa kuandika maneno machache ya kusomwa siku ya mazishi, niliandika: “Mama alinifia mikononi.” Aliyekuwa akichapa karatasi hizo akaona ni heri kuinyoosha, akaandika “Mama alifia mikononi mwangu”, akanieleza kwamba maana ni moja. Nilijua kwamba si moja lakini sikuweza kumweleza, na siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Ile “ni” ilikuwa imeondoka, nami nikabaki katika sentensi hiyo nikiwa mahali tu, kama vile mtu anavyosema kwamba fulani alifia safarini.

Sasa nimesoma maelezo ya Mhariri na ninaona nilichokuwa nikikitafuta. Naomba athibitishe: je, kufia kwa mahali na kufia kwa mtu ni vitu viwili?

Na kuhusu nyakati, nimeona pia tofauti ambayo huenda ikamsaidia Katibu. Imepita miaka miwili, na watu wakiniuliza ninajibu “nilifiwa na mama”, nikitaja mwaka. Lakini zipo siku ninazosema “nimefiwa na mama” bila kutaja wakati wowote, na sidhani kwamba ninakosea.

Mhariri wa Zamu alijibu:

Mpendwa, pole sana. Hukukosea hata mahali pamoja.

Kauli ya kutendea ina kazi kadhaa, nazo katika kufia huonekana zote. Kuna kufia mahali: alifia safarini, alifia ugenini, kitanda alichofia. Kuna kufia jambo, yaani kufa kwa ajili yake: kufia haki, kufia dini. Na kuna kufia mtu, ambako ndiko kulikozaa kufiwa, na alama yake ni kiambishi cha mtendwa: amenifia, amekufia, amemfia, ametufia. Wewe uliandika sentensi iliyobeba mambo mawili kwa pamoja, “alinifia mikononi”, ambamo “ni” inasema ni nani aliyeachwa na “mikononi” inasema ni wapi. Aliyechapa alibakiza mahali na kumwondoa mtu. Kisarufi sentensi yake haina kosa, lakini haikuwa sentensi yako, na mhariri mwenye adabu angekuuliza kwanza.

Kuhusu nyakati, “nilifiwa” huliweka tukio katika siku yake, ndiyo maana hupenda kufuatana na mwaka au tarehe. “Nimefiwa” husema kwamba tukio limekamilika na hali yake ingalipo, kama vile “amevaa”, “amelala” na “amechoka” zinavyoeleza hali badala ya tendo. Hakuna kanuni inayoweka kikomo cha miezi au miaka kwa “me” hiyo. Mtu huiacha “me” hiyo siku ambayo hali yenyewe imemwacha.

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Naona swali la tatu la Katibu halijajibiwa lote, nalo ni la “tumwomboleze mfiwa”. Hapana. Anayeombolezwa ni aliyekufa, au kifo chenyewe: tunamwomboleza marehemu, tunaomboleza kifo chake. Mfiwa akiwa yu hai na anasoma kwamba wenzake wanamwomboleza, atakuwa na haki ya kushtuka. Unaweza kuomboleza pamoja na mfiwa, lakini yeye mwenyewe hufarijiwa, huliwazwa, hupewa pole, hutumiwa rambirambi. Kipo pia kitenzi kizuri cha kuhani, yaani kumwendea mfiwa na kumpa pole: “Twendeni tukamhani mwenzetu.” Wapo wanaokiogopa kwa kuwa kinafanana na kuhani wa ibada, lakini yule ni nomino na wingi wake ni makuhani, wakati hiki ni kitenzi na hubeba viambishi vyake: amemhani, tutamhani, wamehaniwa.

Rambirambi, kwa taarifa ya wengi, upatanisho wake ni wa ngeli ya I-/ZI-, na katika matumizi huwa wingi: rambirambi zetu ziwafikie, wala si rambirambi yetu iwafikie. Marehemu habadiliki katika umoja na wingi, lakini hupatanishwa kama mtu: marehemu amezikwa, marehemu wamezikwa. Mke aliyefiwa na mumewe ni mjane, na mume aliyefiwa na mkewe ni mgane, neno ambalo limeanza kusahaulika hata wanaume nao wakaitwa wajane.

Katibu Muhtasi alijibu:

Nimeandika upya tangazo la kusahihisha lile la kwanza, na ninaliweka hapa kabla ya kulibandika kesho asubuhi: “Tunawaomba radhi kwa makosa yaliyojitokeza katika tangazo letu la juma lililopita. Mwenzetu wa idara ya hesabu amefiwa na baba yake mzazi. Tunaomboleza kifo hicho pamoja naye, na tunatuma rambirambi zetu kwake, kwa mjane wa marehemu na kwa wafiwa wote.”

Mhariri wa Zamu alijibu:

Limekaa vizuri. Ningebadilisha neno moja tu mwishoni: kwa kuwa mwenzetu na mjane nao ni wafiwa, andika “na kwa wafiwa wengine wote”. Halafu mwonyeshe mwenzetu kwanza, kabla halijafika ubaoni.